Komedi fupi za zamani za Marekani: uanze na zipi kama unajali watu weusi na wanawake walivyoonyeshwa

Kama unapenda zile komedi fupi za zamani za Marekani, za dakika kumi au ishirini, hazina rangi, watu wanakimbizana na kudondoka, lazima ushakutana na hii shida. Unaangalia vizuri tu, unacheka, ghafla anatokea mtu kajipaka masizi usoni ili aigize mweusi, kakodoa macho na raha yote inaisha. Ukiwa mweusi mwenyewe inauma zaidi, na ukiwa umekaa na mtoto pembeni akakuuliza mbona yule wamemfanya vile ndo unazima kabisa.

Watu wamegawanyika hapa. Kuna wanaosema achana nazo zote ni ubaguzi mtupu, na kuna wanaosema ah zamani ndo ilikuwa hivyo we cheka tu. Hao wa "zamani ndo ilikuwa hivyo" ningependa wajue kwamba watu wa zamani wenyewe walilalamika. Kulikuwa na kampuni Chicago inaitwa Ebony, ilikuwa inatoa komedi fupi za waigizaji weusi watupu, na mwaka 1917 gazeti la weusi la Chicago Defender liliishambulia kwa sababu ya jinsi ilivyowadhalilisha watu wao. Kwa hiyo hata wakati ule mtazamaji mweusi alikuwa anaona na anakasirika kama wewe. Lakini ukizitupa zote nazo unawatupa watu weusi na wanawake waliofanya kazi humo kwa kipaji kikubwa kwenye miaka ambayo karibu kila mlango ulikuwa umefungwa, na mimi hilo siwezi kulikubali, wale watu wanastahili kutazamwa na kutajwa majina.

Basi nimechukua makundi matano, nayapima kwa maswali yale yale, uamuzi utakuwa wako kulingana na unatafuta nini.

Maswali yenyewe

La kwanza ni nani yuko mbele ya kamera na anafanya nini pale. Kuhesabu sura peke yake hakutoshi, mtu anaweza kuwepo filamu nzima halafu kazi yake ni kufungua mlango na kuogopa mizimu.

La pili, na kwangu hili ndo kubwa kuliko yote, kicheko kinatoka wapi. Huyu mhusika ndo anatuchekesha, yaani ana akili, ana mpango wake, anajua sekunde gani ageuke na sekunde gani anyamaze, au anachekwa kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu ni mwanamke? Filamu mbili zinaweza kuwa na mtu yule yule kwenye nguo zile zile na zikawa tofauti kabisa kwa hilo swali tu.

La tatu nani alikuwa nyuma ya kamera, nani aliandika, pesa ilikuwa ya nani. La nne, mtu akiitazama leo inakuwaje. Na mwisho inamfaa nani.

Kuhusu kuzipata niseme hapa nisirudie tena: kwa sheria ya Marekani filamu zilizotoka mpaka 1929 sasa ni mali ya umma, kwa hiyo zile za humu za miaka hiyo unaweza kuzipata bure mtandaoni bila kuvunja sheria. Ila nakala zinatofautiana sana, nyingine ni ukungu mtupu, tafuta zile zilizosafishwa na makumbusho au maktaba za filamu, utaona uso wa mtu vizuri na kwenye komedi bubu uso ndo kila kitu.

Laughing Gas, 1907

Mbele ya kamera: Bertha Regustus, mwanamke mweusi, na filamu yote ni yake. Anaitwa Mandy, jino linamuuma, kafunga kitambaa shavuni, anaenda kwa daktari wa meno. Daktari anampa gesi ili amng'oe jino, ile gesi inamfanya acheke, na akianza hawezi kuacha. Daktari anaambukizwa kicheko. Kwenye tramu anawadondokea abiria mapajani, wote wanacheka. Polisi wanamkamata, wanacheka, anafikishwa mahakamani na huko nako watu wanavunjika mbavu. Anaenda mpaka kanisani. Filamu inamaliza na uso wake tu umejaa skrini nzima, anacheka.

Kicheko: kinatoka kwake na kinawashika wengine, na wazungu humo ndani wanacheka pamoja naye. Fikiria kwamba 1907 majimbo mengi ya kusini mwa Marekani yalikuwa na sheria za kutenganisha weusi na weupe kwenye tramu, halafu huyu dada anawaangukia wazungu mapajani na hakuna anayemfanya kitu. Upande wa pili ni kwamba kuna sehemu yuko kama mtumishi wa nyumbani anamwaga chakula mezani, na ile picha ya mtu mweusi anayecheka kupita kiasi ilikuwa tayari ni kasumba iliyotumika sana kwenye majukwaa. Lakini Regustus anaibeba kwa nguvu kiasi kwamba mi nikimwangalia naona mtu anayejua anachofanya.

Nyuma ya kamera: Edwin S. Porter, kampuni ya Edison. Weupe watupu.

Leo: haina maneno ya kusikiliza, haifiki robo saa, mtoto wa darasa la kwanza asiyejua Kiingereza hata kidogo ataielewa mwanzo mpaka mwisho.

Inamfaa: mtu anayeanza kabisa, au mwenye watoto, au anayetaka kuona mwanamke mweusi akiwa katikati ya hadithi kabla hata ya Chaplin hajaingia kwenye sinema.

Bert Williams, 1913 na 1916

Huyu alizaliwa Nassau, Bahamas, 1874, na kabla ya filamu alikuwa staa mkubwa wa jukwaani. Na mwenzake George Walker walipeleka onyesho la In Dahomey Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1903, onyesho la weusi watupu, na likafika mpaka London likachezwa mbele ya mfalme. Kuanzia 1910 akawa anacheza Ziegfeld Follies, onyesho maarufu la jukwaani la New York, mweusi katikati ya kundi la weupe.

Mbele ya kamera: kuna A Natural Born Gambler ya 1916, rili mbili (mikanda miwili, kama dakika ishirini), kuhusu wanaume weusi wanachama wa klabu moja wanaopenda kucheza kamari kuliko mambo ya klabu yenyewe. Halafu kuna ile ya 1913, Lime Kiln Club Field Day, ambayo haikumalizwa. Ilipigwa, ikaachwa, mikanda ikakaa kwenye stoo ya kampuni ya Biograph mpaka makumbusho ya MoMA ya New York yakaichukua mwishoni mwa miaka ya 1930, na ikaonyeshwa kwa watu 2014, zaidi ya miaka mia moja baada ya kupigwa. Hii ingekuwa ndefu kuliko komedi fupi za kawaida lakini naiweka hapa maana huwezi kumuongelea Williams ukaiacha. Humo ndani kuna weusi wengi wamevaa wamependeza, kuna maandamano, kuna pikiniki, kuna dansi, kuna bembea ya kuzunguka ya farasi wa mbao, na Williams anashindana na wanaume wengine kumpata Odessa Warren Grey, na wanabusiana. Busu la kawaida la watu wawili wanaopendana. Miaka miwili tu kabla ya The Birth of a Nation, ile filamu iliyowatukana weusi na kuwatukuza wabaguzi wa Ku Klux Klan.

Kicheko: hapa ndo pagumu. Williams mwenyewe kajipaka masizi. Alikuwa na ngozi nyeupe kidogo na jukwaani alikuwa anajipaka ili awe "mweusi" yule ambaye watazamaji walizoea kumlipia, na kwenye Lime Kiln yeye ndo pekee aliyepakwa, wenzake wote wana sura zao wenyewe. Ukimuangalia mara ya kwanza unaona masizi tu. Angalia mara ya pili. Kuna kipande mwisho wa A Natural Born Gambler, kafungwa jela kwa ajili ya kamari, yuko peke yake, anaanza kucheza poka bila karata na bila wenzake. Anagawa karata za hewani, anazishika, anachungulia za kwake, anawaangalia wenzake ambao hawapo mmoja mmoja, unamwona anapata tamaa, anajikaza asionyeshe, anaweka hela, halafu anapoteza. Bila neno. Mikono na macho tu. Alikuwa ameshakifanya jukwaani miaka mingi na ni bahati yetu sote kwamba kuna mtu aliweka kamera mbele yake.

Hadithi yenyewe imejengwa juu ya kasumba, mweusi na kamari, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya ile kasumba kuna msanii anafanya kitu ambacho wachekeshaji wengi weupe wa wakati wake hawakukiweza.

Nyuma ya kamera: Biograph, pesa ya weupe, ingawa A Natural Born Gambler aliiongoza mwenyewe na hilo mwaka 1916 lilikuwa jambo kubwa sana kwa mweusi. Alikufa 1922 na filamu alizoacha ni chache mno, inasikitisha.

Inamfaa: mtu mzima, mwanafunzi wa sanaa, mchekeshaji anayetaka kujifunza kazi. Mtoto usimuwekee bila kumweleza kwanza. Na kama masizi usoni yanakuumiza kiasi kwamba huwezi kuona kingine, ruka kabisa, hakuna anayekulazimisha.

Our Gang, 1922 mpaka 1944

Hapa ndo penye mengi na ndo penye ugomvi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Our Gang ni mfululizo wa komedi fupi za kundi la watoto, na mtayarishaji Hal Roach ndo aliuanzisha kwenye studio yake ya Culver City, California. Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba siku moja alichoka kumsikiliza mtoto aliyekaririshwa kuigiza kama mtu mzima, akaangalia dirishani akaona watoto wa kawaida wanagombania vipande vya mbao, akajikuta hawezi kuondoa macho. Ndo wazo lilipotoka, watoto wacheze utoto wao. Zikatoka filamu 220, kuanzia 1938 zikiwa mikononi mwa studio kubwa ya MGM, na kuanzia 1955 zikaingia kwenye televisheni kwa jina la The Little Rascals.

Mbele ya kamera: watoto weusi walikuwepo tangu filamu ya kwanza na hakuna kipindi ndani ya ile miaka ishirini na kitu ambacho kundi halikuwa na mtoto mweusi. Wa kwanza Ernie Morrison, jina lake la kwenye filamu Sunshine Sammy, mzaliwa wa New Orleans, ambaye tayari alikuwa staa kabla kundi halijaundwa. Halafu Allen Hoskins, Farina, aliyeingia akiwa bado anajifunza kutembea na akakaa mpaka 1931. Halafu Matthew Beard, Stymie, kuanzia 1930. Halafu Billie Thomas, Buckwheat, kuanzia 1934 mpaka mwisho. Wasichana walikuwepo pia, akina Mary Kornman na baadaye Darla Hood, ila mara nyingi wao ndo wa kupendwa na kugombaniwa, michezo mikubwa wanaachiwa wavulana.

Na hawa watoto wanakaa darasa moja, wanakula pamoja, wanalala kitanda kimoja, wanapigana na wanapatana. Ukiangalia leo unaweza usione kitu hapo. Lakini kusini mwa Marekani shule zilikuwa zinatenganishwa kwa sheria mpaka mahakama kuu ilipoamua vingine mwaka 1954. Mwaka 1947 Roach alijaribu kufufua wazo la watoto kwa filamu inaitwa Curley, na bodi ya ukaguzi ya mji wa Memphis chini ya Lloyd Binford ikaipiga marufuku kwa sababu tu ilionyesha watoto weusi na weupe wakisoma pamoja. Yaani kukaa tu dawati moja kulitosha kuifungia filamu. Studio kwenyewe walikuwa na darasa la kweli, mwalimu wao Fern Carter akawafundisha wote chumba kimoja.

Kicheko: inategemea mtoto na inategemea mwaka, ndo maana huwezi kuihukumu kwa filamu moja. Stymie kwangu ndo bora. Ile kofia yake ya duara alipewa na mchekeshaji Stan Laurel, na anatembea nayo kwa utulivu kama mtu mwenye mali. Kwenye Dogs Is Dogs ya 1931 ana njaa, anamwambia mtoto wa kitajiri mwenye nyodo kwamba nyama ya nguruwe na mayai huwa vinaongea vikikaangwa, yule tajiri anaingia jikoni anavikaanga ili asikie. Akili imekaa kwa Stymie na mjinga ni yule tajiri. Na hiki ni kitu cha kweli kuhusu mfululizo mzima, adui wa watoto mara nyingi ni mtoto wa tajiri au mtu mzima mkorofi, na wao weusi kwa weupe ni maskini wako upande mmoja.

Lakini vichekesho vya tikiti maji vipo, ile kasumba ya Marekani kwamba mweusi akiona tikiti maji anapagawa. Mtoto mweusi anaogopa mzimu nywele zinasimama, ipo. Maandishi ya filamu bubu yanampa Farina Kiingereza kilichovunjwa kwa makusudi. Farina na Buckwheat wote ni wavulana na wote walivalishwa kike na kusukwa, Buckwheat mwanzoni alikuwa anacheza mhusika wa kike kabisa. Kuna Lodge Night ya 1923 ambapo watoto wanaunda kundi la kuiga Ku Klux Klan, na watoto weusi nao wamo, sijui hata uielezeje kwa mtoto wa leo. Na kuna The Kid from Borneo ya 1933 ambapo watoto wanadhani mtu wa maonyesho, "mtu wa porini", ni mjomba wao, na yeye kazi yake ni kupiga kelele za kula watu. Hii mimi simshauri mtu yeyote, hakuna kipaji humo cha kuokoa chochote. Miaka ya MGM matusi yanapungua ila Buckwheat naye anapungua, anasimama pembeni anasema neno moja, kuwepo bila kufanya kitu.

Nyuma ya kamera: Roach na mwongozaji Robert McGowan, weupe. McGowan hakuwapa wale wadogo karatasi za kukariri, aliwaeleza tukio halafu akawaacha, ndo maana sura zao zina ukweli. Ernie Morrison alipokuwa mtu mzima alimsema Roach vizuri kwenye suala la rangi, na neno lake lina uzito kwa sababu alikuwepo, ingawa kutendewa vizuri studio hakuondoi kilichoandikwa kwenye filamu, yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Leo: angalizo, mwaka 1971 kampuni ya King World iliyokuwa inazisambaza kwenye televisheni ilizikata, ikaondoa vipande vya kibaguzi na nyingine ikazitoa kabisa. Ikatolewa hata Little Daddy ya 1931 ambayo Farina anamlea mdogo wake Stymie, na ndani yake kuna upendo wa ndugu wawili weusi ambao ni nadra kuupata kwenye filamu za miaka hiyo. Kwa hiyo ukiona nakala fupi isiyoeleweka jua imekatwa.

Inamfaa: familia, ila uchague filamu na uitazame wewe kwanza. Chukua za Stymie za 1930 mpaka 1933, anza na Teacher's Pet na Dogs Is Dogs.

The Melancholy Dame na wenzake, 1929

Sauti ilipoingia kwenye sinema, Al Christie akatoa mfululizo wa komedi za rili mbili zenye waigizaji weusi watupu, zikisambazwa na Paramount. Nyingine ni Music Hath Harms, The Framing of the Shrew, Oft in the Silly Night.

Mbele ya kamera: Evelyn Preer, Edward Thompson, Roberta Hyson, Spencer Williams. Watu wazima, wamevaa suti na magauni ya jioni, wana kabareti, wana ndoa, wana wivu. Kwenye The Melancholy Dame mke anamshuku mume wake na mwimbaji wa kabareti, na ana sababu. Hakuna mtumishi wa mzungu, hakuna mzungu wa kumfurahisha. Kama umechoka kuona mweusi akiwa mtoto au mpishi, hapa utapumua. Preer alikuwa muigizaji mkubwa wa Lafayette Players, kundi la maigizo ya jukwaani la weusi, na alishacheza kwenye filamu za mwongozaji mweusi Oscar Micheaux, na ukimwangalia anavyosimama tu unaona ukubwa wake.

Kicheko: kinatoka kwenye mambo ya ndoa na umbea, mambo ambayo yangechekesha mtaa wowote. Tatizo ni midomoni. Hadithi ni za Octavus Roy Cohen, mwandishi mweupe wa kusini aliyepata umaarufu kwa kuandika weusi wa Birmingham, Alabama, wakiongea lahaja aliyoitia chumvi, wanatumia maneno makubwa wanayakosea. Kwa hiyo unamwona Preer amependeza kama malkia halafu anafungua mdomo wanamfanya aongee vile. Inakera. Inakera zaidi kwa sababu unajua uwezo wake.

Nyuma ya kamera: Christie na Cohen, weupe, lakini Spencer Williams alipata nafasi ya kuandika mazungumzo, na hiyo ikawa ngazi kwake, baadaye 1941 akaongoza The Blood of Jesus, filamu yake mwenyewe, leo imo kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Leo: zinahitaji sikio la Kiingereza, usipokisikia vizuri utapoteza nusu ya utani, na cha ajabu utapoteza na nusu ya ubaya.

Inamfaa: anayetaka kuona watu wazima weusi wakiwa na maisha yao, na anayetaka kuelewa mtu kama Spencer Williams alipitia wapi kabla ya kushika kamera.

Thelma Todd na wenzake, 1931 mpaka 1935

Hili fupi. Roach huyo huyo aliona Laurel na Hardy wanafanya vizuri akaamua kutafuta wawili wa kike, Thelma Todd na ZaSu Pitts, kuanzia Let's Do Things ya 1931. Pitts alipoondoka 1933 akaingia Patsy Kelly, mtoto wa Brooklyn mwenye mdomo, mpaka Todd alipofariki Desemba 1935.

Wanacheza wasichana wawili wanaotafuta riziki mjini, kodi haijalipwa, kazi ya leo sio ya kesho. Asleep in the Feet ya 1933 wanaingia kazi ya kucheza dansi na wateja kwa tiketi ili wamsaidie mwenzao kodi. Kicheko kinatoka kwenye urafiki wao, kwenye Pitts na mikono yake inayotetemeka kwa wasiwasi na Todd mrembo anayekubali kulowa, kuanguka na kuchafuka kama mwanaume yeyote wa komedi. Wanawake ndo wenye utani wenyewe, sio mapambo ya utani wa mwingine. Ila waongozaji ni wanaume, na watu weusi usiwatafute humo, wakipita ni kupita tu. Kama unataka mwanamke aliyeshika na uongozi rudi nyuma kwa Mabel Normand wa studio ya Keystone, 1914 alikuwa anacheza na anaongoza, na Chaplin akiwa mgeni kabisa kwenye sinema alikuwa chini ya uongozi wake, jambo ambalo Chaplin halikumpendeza na alikuja kuliandika mwenyewe.

Inamfaa: dada zangu mnaoishi wawili wawili mjini, mtajiona humo.

Sasa wewe chukua zipi

Kama una watoto wadogo, Laughing Gas kwanza, halafu Dogs Is Dogs. Our Gang usiiachie ijicheze yenyewe moja baada ya nyingine mtandaoni, maana mtandao hautakuchagulia na The Kid from Borneo itaingia tu.

Kama ni vijana wa sekondari wanaoweza kubishana, wawekee Our Gang mbili, moja ya Stymie na moja ya Buckwheat wa miaka ya MGM, waulize nani ana akili kwenye hadithi na nani yupo tu. Watakuambia wenyewe, na mjadala utakuwa mkubwa kuliko ulivyotegemea. Habari ya Memphis waambie baada ya kutazama, wataanza kulitazama lile darasa upya.

Kama wewe ni mchekeshaji, au unarekodi vichekesho vya simu vya dakika moja, nenda moja kwa moja kwenye ile poka ya Bert Williams. Izime sauti ya muziki waliouweka juu, uitazame kimya, urudie. Angalia anapochungulia karata zake. Vichekesho vingi vyetu sasa hivi vinategemea kupiga kelele na yule alikuwa anafanya yote akiwa amekaa.

Kama unataka mapenzi na heshima kati ya watu weusi zaidi ya vichekesho, Lime Kiln Club Field Day, na usitegemee hadithi iliyonyooka, ni vipande vya filamu ambayo haikumaliziwa. Ile bembea peke yake inatosha.

Kama unafundisha au una kikundi cha filamu Dar, Nairobi, Mombasa au popote, chukua The Melancholy Dame uiweke karibu na mambo yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika zilitengenezwa filamu za Kiswahili na kampuni ya Afrika Kusini, waigizaji wetu, pesa na uongozi wa wageni, na kwenye Muhogo Mchungu nyota alikuwa Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu. Maswali ya nani yuko mbele, nani yuko nyuma na kicheko kinatoka wapi yanaingia pale vile vile, na wanakikundi watakuwa na mengi zaidi ya kusema kuhusu Kariakoo kuliko Birmingham.

Kama unachotafuta ni wanawake, Todd na Pitts kwa usiku wa kucheka na rafiki, Normand kama unataka kujua nani alikuwa bosi, na Regustus kwa vyovyote vile, maana yeye anajibu maswali mawili kwa mkupuo.

Na kama una saa moja tu na hujawahi kuona hata moja, fanya hivi: Laughing Gas, halafu A Natural Born Gambler, halafu Dogs Is Dogs, kwa mpangilio huo huo. Ukiona Williams anakuwia vigumu mruke, weka Little Daddy badala yake, ila tafuta ile ambayo haijakatwa.